Ubao wa Kumsimamisha Mapendo

Rugenge, Uvira
11 Februari 2024

Kwako yaya Onesphore, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, na mihogo yako, na kikohozi chako, maana najua vyote vitatu bado viko pale Kamanyola. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Mume wangu Pitchou anakusalimu. Ziwa halimpi kitu wiki hizi, anarudi asubuhi na wavu mkavu, analala. Mimi nauza maandazi yangu mlangoni, mgongo unaniuma, si habari mpya.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu tunagombana. Wewe unapiga kelele utadhani uko ng'ambo ya mto Ruzizi, mimi nakata, halafu tunanuniana. Kwa karatasi hakuna wa kumkatia mwenzake. Bénédicte akishauza nyanya zake huku atabeba akipanda, na akishuka tena atanirudishia yako.

Sasa neno lenyewe. Ubao uliomchongea Mapendo umefika salama, hata mikanda yake ya mpira wa baiskeli haikupotea. Yaya, miaka sita nimekuwa na huyu mtoto na sikuwahi kujua urefu wake. Nilimjua akiwa mgongoni, nilimjua akiwa kwenye mkeka. Siku ya kwanza tulipomfunga kifuani na magotini, ile kabari yako katikati ya miguu, kichwa kililegea kama siku zote, nikasema basi, kazi bure. Halafu kuku akapita. Mapendo akainua kichwa kumtazama. Akakishika juu mpaka kuku alipotoka uani. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Déborah, yule kine wa kituo anayenyoosha viungo vya watoto, alikuja kuuona. Aliugonga kwa vidole akasema, "Huyu fundi iko na akili." Nikamuuliza tena kwa nini lazima asimame na hata kutembea hatatembea. Akasema, "Mama, kinu inachimbuka sababu mchi unasimama ndani. Nyonga ya mutoto ni vile vile. Akilala tu, mufupa wa paja haupate kikombe yake, siku moja utatoka inje. Asimame kila siku, miguu ikiwa mbalimbali." Nimeelewa. Kila siku.

Kuna tundu kwenye kile kimeza cha mbele. Anatia kidole ndani, hataki kukitoa. Ulilitoboa la nini?

Jambo moja linanichosha. Jirani alichungulia akasema, "Weye, munafunga mutoto ku mbao kama mwizi?" Basi nimeuhamishia ubao chumbani.

Dada yako,
Consolée

*

Kamanyola
3 Machi 2024

Mdogo wangu Consolée,

Kikohozi kinakushukuru kwa kukisalimu, hakijazoea heshima hiyo. Mihogo imeshikwa na ugonjwa wa majani, maharage yamekubali kidogo. Tangu mke wangu afariki nimekuwa mpishi mbaya hata mbwa amehama. Nyumba ya baba bado imesimama. Upepo wa bonde unaingia sana mwaka huu, nalala na koti.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya benchi la randa, nikarudia pale kwenye kuku. Mpe huyo kuku maisha marefu, usimchinje hata wageni wakija.

Mwambie jirani yako kwamba mwizi hafungwi kwenye ubao uliopigwa randa. Na wewe utoe ubao chumbani. Mtoto atazame nini humo, ukuta? Nilipomuuliza Déborah vipimo alinisisitizia jambo moja: usipinde. Ubao ukipinda, mtoto naye anapinda nao. Ndiyo maana sikutumia mbao za siku hizi za sokoni. Hizo ni mbichi, zinajikunja kabla hujamaliza kupiga misumari.

Tundu ni tundu. Mbao za zamani zina matundu kama wazee. Usinisumbue.

Uniandikie kama kabari inamtosha, maana atakua, na miguu ikianza kuikimbia nitachonga nyingine pana zaidi.

Kaka yako,
Onesphore

*

Rugenge
14 Aprili 2024

Kwako yaya,

Salamu nyingi. Pole na upepo. Maji ya ziwa yamepanda, nyumba za chini zimeingiliwa, watu wanabeba magodoro kichwani kutwa nzima. Sisi hayajatufikia ila tumepokea shemeji wa Pitchou na masufuria yake, tunalala kama ndagala walioanikwa mchangani.

Pasaka ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba sana. Mapendo yuko vizuri, Mungu ni mwema.

Bénédicte ananiharakisha, nanyanyua mkono hapa.

Consolée

*

Kamanyola
5 Mei 2024

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote, na masufuria ya shemeji pia. Mimi nipo. Mvua za mwisho zimenipiga, nilihamisha kitanda mara mbili, sasa kiko kwenye pembe ambayo hainyeshewi wala haipulizwi. Usiulize.

Barua yako ilikuwa fupi kuliko madeni ya tajiri. Kabari sikuiona ndani yake. Kuku sikumwona.

Lakini Bénédicte si karatasi, yeye anasema hata usipomuuliza. Alisimama hapa barabarani na kikapu kichwani akapiga vigelegele: "Baba Onesphore, haujasikia? Mapendo alisimama mu kanisa siku ya Pasaka! Bila mutu kumushika! Uvira yote inasema!" Watu wa hapa wakanipa mikono. Nikapokea. Ningefanya nini?

Consolée, mimi ni mjomba wa huyo mtoto, nina haki ya furaha yangu. Kama amesimama peke yake, nifunge safari nije hata kwa mguu, nimchezee ngoma. Kama hakusimama peke yake, nataka kujua ubao wangu uko wapi.

Sijakasirika. Andika.

Onesphore

*

Rugenge
28 Julai 2024

Kwako yaya Onesphore,

Najua nimekawia. Bénédicte amepita hapa mara nyingi, kila mara nikamwambia sina karatasi. Karatasi ninayo. Uvuvi umefungwa miezi hii, Pitchou yuko nyumbani anashona nyavu, na mambo mengine huwezi kuyaandika mtu akiwa pembeni yako. Leo amekwenda Kalundu.

Uko juu ya dari, yaya. Ubao wako uko juu ya dari, nyuma ya magunia.

Usinihukumu kabla hujamaliza kusoma. Siku ya Pasaka nilitaka mtoto wangu aende kanisani amesimama. Watu wa kanisa letu wamemwona miaka yote mgongoni kwangu na udenda ukimtoka, wananiambia pole. Nimechoka na pole. Nikaenda mapema, kabla ya wengine, nikamfunga kwenye ubao pembeni karibu na ngoma, halafu nikamzungushia kitenge kipya toka kifuani mpaka chini. Nilitaka, mara moja tu, watu wamtazame yeye kabla ya kuutazama ubao. Ni hilo tu. Baada ya ibada ningekitoa.

Nyimbo zikapanda. Mapendo akainua kichwa, ngoma zilimpendeza kuliko kuku. Wa kwanza kumwona alikuwa mama Geneviève wa kwaya. Akatupa kitabu cha nyimbo. "Mapendo amesimama! Angalieni, Mapendo amesimama!" Kanisa zima likageuka. Mchungaji Ezéchiel akashuka akilia, wewe humjui, ni mtu mwema, huyu hajawahi kutuomba kitu, amemwombea mtoto huyu tangu akiwa na siku chache. Alipiga magoti mbele yake. Kama angeunyoosha mkono angegusa mbao. Hakuunyoosha.

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Kisha nikamwona Pitchou upande wa wanaume. Anajua kabisa kwamba ubao upo, yeye ndiye aliyeubeba mpaka pale. Naye alikuwa analia kama wengine. Sijui alikuwa analilia nini na sijathubutu kumuuliza. Nikafunga mdomo. Watu walipotoka nje kucheza, nikamfungua chini ya kitenge, nikamweka mgongoni, nikasema amechoka.

Tangu siku ile wanakuja. Wanawake wenye watoto wagonjwa wanataka Mapendo awaguse. Pitchou bandarini wanamwita Baba Muujiza, wanampisha njia. Sasa niambie, wewe mwenye akili, ningemfunga vipi tena kwenye mbao mbele ya watu hao? Ni sawa na kumrudishia Mungu zawadi yake usoni. Shemeji yuko ndani, wageni wako mlangoni, na ubao hauwezi kufichwa kama chupa. Nikampandishia Pitchou, akauweka juu.

Na mtoto analala. Amerudi mkekani, yaya. Kichwa kimeanguka tena. Miguu inapandana kama mkasi, nikimwogesha siwezi kuitenganisha, na sasa analia nikigusa nyonga ya kushoto. Zamani hakulia. Mguu mmoja unaonekana mfupi.

Déborah alituita tukapige radio, ile picha ya mifupa. Aliishika kwenye dirisha akaifuata mifupa kwa kidole. Akaniuliza, "Mbao iko wapi?" Nikasema ipo. Akasema, "Mama, usinidanganye minye. Mufupa umeanza kutoka mu kikombe yake. Haujatoka yote. Akirudi kusimama kila siku, pengine utabakia pale. Asiposimama, itakuwa kisu ya daktari, na kisu ni mbali, na hata kukaa atakaa na maumivu." Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka.

Ndiyo hivyo. Nikiushusha ubao, namfanya mume wangu mwongo, na mchungaji mjinga, na Mungu sijui namfanya nini. Nisipoushusha, nyonga inatoka. Nimechoka mpaka kwenye meno. Uniambie la kufanya, na usinipigie simu.

Consolée

*

Kamanyola
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Consolée,

Nakusalimu. Kabla ya yote, habari za nyumbani, kwa sababu nisipozisema utadhani nimekasirika. Mbuzi wa jirani aliingia ndani mpaka kitandani, akala barua yako moja, ile fupi. Hakukosa kitu. Kifua kinanibana asubuhi, mchana kinaniachia.

Barua yako ndefu sikumpa mbuzi. Nilikaa nayo. Ulitaka nikuambie la kufanya, na mimi niko mbali, sina mke, sina mtoto, sijawahi kupishwa njia bandarini. Ni rahisi kwangu kuwa mkweli. Kwa hiyo nitasema machache.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Uliyavulia nguo siku ile uliponiomba ubao.

Mimi sioni Mungu akinuna kwa sababu ya mbao. Nuhu alipotakiwa kuokolewa hakuinuliwa juu kwa mkono, aliambiwa atafute miti apige misumari. Hakuna aliyesema ile safina imemwaibisha Mungu. Mchungaji wako anakijua kisa hicho kuliko mimi.

Kuhusu Pitchou, muulize alilia nini. Wewe unaogopa kumfanya mwongo, na pengine yeye anakungoja wewe. Wanaume wengi wanangoja.

Ubao ule, Consolée, sikuununua sokoni. Basi, nimesema tu. Usiuache uliwe na mchwa darini. Zamani ulikuwa na kazi yake, ukaiacha kwa ajili ya kazi nyingine.

Mshushe mtoto mkekani. Yaani mpandishe. Mimi na Kiswahili changu.

Onesphore

*

Rugenge
27 Oktoba 2024

Kwako yaya wangu Onesphore,

Nakusalimu sana. Shemeji amerudi kwake, maji yamepungua, ukuta wake umebakia na mstari wa matope. Ziwa limefunguliwa, Pitchou amerudi majini. Mimi nimekonda, usishtuke ukiniona.

Nilimuuliza. Tulikuwa tunakula, nikamwambia, "Pasaka ulilia nini?" Akatafuna sana. Akasema, "Nilijua iko mbao. Lakini watu wote walikuwa wanafurahia mutoto yangu. Sijaonaka ile kitu tangu azaliwe." Kisha akasukuma sahani, akaleta ngazi, akapanda darini mwenyewe. Ubao ukashuka na vumbi lote juu ya wali. Hatukugombana. Tulikula wali na vumbi lake.

Tuliuweka uani, saa ya mchana, mbele ya kila mtu, bila kitenge. Mapendo alilia sana siku zile za kwanza, nyonga ilikuwa imekaza, ikabidi nimpakaze mawese ya moto na kumfungua mapema. Wanawake waliokuja kuguswa walisimama kwenye ua wakatazama. Mmoja aliyekuwa amebeba mtoto wake aliniuliza, "Kumbe ilikuwa hii?" Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa namna ambayo sitakuandikia. Akaondoka na mtoto wake. Huyo ndiye anayeniuma, yaya, kuliko wote. Wengine wameacha kutusalimu. Bandarini hawamwiti tena Baba Muujiza, wanamwita Baba Mbao.

Mchungaji Ezéchiel alikuja. Sikumwita. Alisimama mbele ya Mapendo, akaniuliza, "Siku ya Pasaka, ilikuwa chini ya kitenge?" Nikasema, "Ilikuwa, mchungaji." Akakaa juu ya ndoo yangu ya unga. Nilingoja anifukuze kanisani. Alionekana amezeeka ghafla. Mwishoni akasema, "Minye nililia bure?" Nikamwambia sijui. Wakati ule ule kichwa cha Mapendo kikaanza kulegea, mkanda wa kifua ulikuwa umeshuka, na mchungaji akainuka, akaupandisha, akaukaza, akamwinua kidevu kwa kidole. Mtoto akamcheka. Akasema, "Jumapili mumulete." Nikauliza, "Na ubao?" Akasema, "Na mbao." Akaenda zake bila kutuombea, na hajawahi kuondoka hivyo.

Tulimpeleka. Nusu ya viti ilikuwa tupu, sijui ni kwa ajili yetu au ni kwa ajili ya mvua.

Déborah amepiga radio nyingine. Mfupa haujarudi mahali pake. Haujaendelea kutoka pia. Nilimuuliza hiyo ni habari njema au mbaya. Akasema, "Ni habari ya kusimama tena kesho." Kisu bado kinaweza kuja. Miezi ile niliyomlaza hairudi, hilo naliandika hapa ili nisirudie kulisema.

Sasa nakuja kwako. Nilipouosha ubao ule vumbi la dari, rangi ilitoka nyuma ya kimeza. Chini yake kuna doa jeusi la moshi, refu, na tundu la msumari juu yake. Nililitazama nikiwa na sabuni mkononi. Mama alitundika koroboi yake pale, yaya, jioni zote za utoto wetu, na baba akimgombeza kwamba ataunguza nyumba. Na tundu lile la mbele ndilo tulilotia kidole kuvuta komeo tukichelewa kutoka mtoni. Nilikiona kidole cha Mapendo humo tangu Februari na sikulijua.

Umeng'oa mlango wa nyumba ya baba. Mwaka huu wote unalala bila mlango na kifua hicho, unaniambia habari za mbuzi.

Nimekukasirikia na nimekulilia, vyote pamoja. Ukitaka nitamwomba fundi wa hapa achonge mwingine wa Mapendo, nikurudishie wako.

Kwa sasa nakutumia kitenge kwa mkono wa Bénédicte. Ni kile cha Pasaka. Siwezi kukivaa wala kukigawa. Kitundike mlangoni angalau mbuzi aone aibu.

Dada yako,
Consolée

*

Kamanyola
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Consolée,

Nakusalimu, wewe na Baba Mbao. Ni jina zuri, mwambie mimi naitwa hivyo tangu ujana na sijafa.

Kitenge kimefika. Nimekipigilia juu kwa misumari, kinatosha chini na pembeni utadhani kilipimwa. Mbuzi amekuja, amekitazama, amerudi. Wapita njia wanauliza kama nimeoa. Nasema naangalia.

Mlango usiurudishe. Nilitafuta mbao kavu isiyopinda Kamanyola nzima, na nilipochoka kutafuta nilirudi nyumbani nikausukuma huo kwa bega ili niingie. Ndipo nilipouona. Miaka yote ile ya mvua na jua, na bado umenyooka. Usiku nalala peke yangu, ninacho nini cha kufungia? Huyo mtoto ana nyonga.

Yule mama aliyeondoka na mtoto wake, ukimjua anapokaa, uniletee vipimo: urefu wa mtoto, toka kisigino mpaka kifua, na upana wa nyonga. Bado kuna mlango wa jikoni.

Upepo unaingia. Acha uingie.

Kaka yako,
Onesphore